Mambo mengi, muda mchache: mwongozo kwa mwenye kupenda vitu vingi

Nafundisha ushonaji jioni, na kila darasa jipya linapoanza, swali ni lilelile. Mtu ametoka kazini, amekuja kujifunza kukata gauni, lakini moyoni anataka pia kupiga gitaa, kujua Kiarabu, kupanda mboga nyuma ya nyumba na kurudi kwenye mazoezi ya kukimbia aliyoyaacha. Ananiuliza, "Mwalimu, huo muda nautoa wapi?" Wengine walishajaribu kuamka saa kumi alfajiri wakaishia kusinzia kwenye daladala. Wengine walichora ratiba nzuri yenye rangi, ikafa kabla ya Ijumaa. Nimeziandika hapa hatua ninazowapa, ili anayeanza apate pa kushika.

Kabla ya hatua, elewa jambo moja tu. Wiki ina saa 168 kwa kila mtu, ila saa hizo hazifanani. Saa moja ukiwa umesimama kwenye foleni ya Mbagala si sawa na saa moja ya Jumamosi asubuhi nyumba ikiwa kimya. Wengi wanaoshindwa wanakosea pawili: wanataka kufanya vyote ndani ya wiki moja, na wanaisukumia saa yenye kelele shughuli inayotaka utulivu. Dawa yake ni shughuli zako zipokezane kwa misimu, na kila moja ipewe saa inayoifaa.

Vitu vya kuwa navyo

- Daftari dogo na kalamu. Simu itakuvuta kwenye mambo mengine kila ukiifungua kuandika.
- Kalenda ya ukutani yenye sikukuu, ya mwaka huu.
- Kikapu, boksi au mfuko kwa kila shughuli utakayoichagua. Hata mfuko wa salfeti unatosha.
- Simu yenye nafasi ya kuhifadhi sauti, ili usitegemee bando ukiwa njiani.
- Wiki moja ya subira kabla ya kuanza chochote.

Vifaa vya shughuli yenyewe usinunue bado. Hili nalikazia kwa sababu pesa nyingi zinapotelea hapa. Mtu ananunua gitaa, viatu vya kukimbilia na mbegu za aina sita ndani ya mwezi mmoja, kisha vitu hivyo vinamtazama kila siku na kumfanya ajione mvivu. Mwezi wa kwanza azima, kodi, au tumia kilichopo.

Hatua ya 1: Andika vyote, kisha vitenganishe

Kaa na daftari, uandike kila kitu unachokipenda au uliwahi kukipenda. Usichuje. Kama ulipokuwa shule ulipenda kuchora, andika. Kama unatamani kujua kuoka keki kwa sababu tu harufu yake inakufurahisha, andika.

Ukimaliza, pitia orodha na uweke alama. Weka F kwenye vile unavyotaka kufanya kwa mikono au kwa mwili wako. Weka T kwenye vile unavyopenda kutazama, kusikiliza au kusoma habari zake. Weka W kwenye vile ambavyo, ukiwa mkweli, unavitaka kwa sababu wengine wanavyo au wanavisifu.

W zifute bila kujitetea. T haziombi nafasi kwenye ratiba, kwa hiyo zifurahie ukiwa unakula au unapumzika. Mtu anayependa kutazama mpira halazimiki kujiunga na timu ya mtaa. Zinazobaki ni F, na mara nyingi ni chache kuliko ulivyodhani.

Halafu angalia kama F mbili au tatu zina shina moja. Shaaban Robert, aliyezaliwa 1909 na kufariki 1962, alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, akaanzia kwenye forodha, na katika maisha hayohayo ya ajira akaandika mashairi, hadithi, insha na wasifu. Kwa mbali yanaonekana mambo manne, lakini shina ni lugha, na alichokinoa kwenye tawi moja kilimfaa kwenye lingine. Nawe tazama hivyohivyo. Kushona, kudarizi na kufuma vitambaa vinakaa pamoja. Kupanda mboga na kupika vinakaa pamoja. Kiarabu na usomaji wa Kiswahili cha zamani kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu vinakaa pamoja. Vyenye shina moja vihesabu kama kimoja.

Hatua ya 2: Hesabu wiki moja kama ilivyo

Kwa siku saba, kabla ya kulala, andika ulifanya nini tangu asubuhi. Usibadilishe maisha wiki hiyo wala usijipambe. Kama ulikaa kijiweni saa mbili, andika saa mbili. Simu nyingi za Android zina sehemu kwenye mipangilio inayoonyesha umetumia dakika ngapi kwenye kila programu, kwa hiyo chukua namba ya huko badala ya kukisia.

Kisha piga hesabu. Chukua mfano wa mtu wa Dar es Salaam anayefanya kazi saa 45 kwa wiki, ambacho ndicho kiwango cha juu cha kawaida kwenye sheria ya kazi ya Tanzania Bara bila ovataimu. Analala saa 7 kila usiku, jumla 49. Njiani, kwenda na kurudi, anatumia saa 3 kwa siku, siku sita, jumla 18. Kwenye 168 zinabaki 56. Kuoga, kupika, kula, kufua na watoto tumpe saa 5 kwa siku, yaani 35. Zinabaki 21. Ibada, vikao vya harusi, msiba, kuwatembelea wazazi na siku moja ya kuumwa tumpe 8. Zimebaki 13.

Hizo 13 ni za karatasini. Gawa kwa mbili, upange kwa saa sita na nusu tu. Nusu nyingine italiwa na mgao wa umeme, mvua, mgeni aliyekuja bila taarifa na uchovu wako mwenyewe. Ukipanga saa zote 13, wiki ya kwanza tu utajiona umeshindwa.

Saa sita usizidharau. Ndani ya wiki kumi ni saa 60, na kwa ninavyoona darasani, saa 60 zinamtosha anayeanza kufika kwenye sketi na gauni rahisi analoweza kulivaa nje kwa furaha.

Onyo: usichukue saa kwenye usingizi. Mtu mzima anahitaji walau saa saba. Kuamka saa kumi na moja kunafaa kwa aliyelala saa nne usiku. Aliyelala saa sita akaamka saa kumi anajikopesha muda, na deni atalilipa siku hiyohiyo saa nane mchana, macho mazito, kazi imemshinda.

Hatua ya 3: Jua kila shughuli inataka saa ya aina gani

Rudi kwenye orodha ya F. Kila moja iweke kwenye kundi lake.

Saa za masikio. Hizi ni saa ambazo mikono au miguu ina kazi lakini masikio yako huru: kupiga pasi, kufua, kukatakata mboga, kukaa kwenye daladala. Hapa weka masomo ya lugha kwa sauti, vitabu vya kusikiliza, mihadhara, au wimbo unaotaka kuushika kabla ya kuupiga. Pakua usiku ukiwa na bando la bei nafuu. Ukiwa kwenye bodaboda au unavuka barabara, toa kabisa vitu masikioni. Hakuna somo linalolingana na uhai wako.

Saa fupi za mikono. Dakika 15 au 20 zinazojitokeza, kama ukisubiri wali uive au ukisubiri namba yako kliniki. Kufuma kunakaa vizuri hapa, na kusuka ukili pia, ndiyo maana Pemba na Unguja utawakuta akina mama wakizungumza barazani huku mikono inakwenda. Msamiati wa lugha ngeni unakaa hapa. Gitaa la anayeanza nalo linakaa hapa, kwa sababu ncha za vidole zinauma wiki za mwanzo na dakika 15 kila siku zinakupeleka mbali kuliko saa mbili za Jumapili.

Saa ndefu zisizokatika. Kukata nguo, kuchora, kuandika hadithi, kuoka. Shughuli hizi zina gharama ya kuanza na gharama ya kufunga. Kushona, kwa mfano: kutandika kitambaa, kutafuta chaki na futi, kuweka uzi kwenye cherehani, kujaza bobini, yaani kile kidude kinachobeba uzi wa chini. Dakika 20 zimekwisha na hujapiga hata mshono mmoja. Shughuli ya aina hii ukiipa dakika 30 utaichukia bure. Ipe saa mbili, hata ikiwa ni mara moja kwa wiki.

Saa za jua. Bustani, kukimbia, kupiga picha za nje. Huku kwetu karibu na ikweta giza linaingia karibu na saa moja jioni mwaka mzima, kwa hiyo anayefika nyumbani saa mbili usiku asijidanganye kuwa atamwagilia na kupalilia Jumatano. Shughuli za jua ziko asubuhi mapema au mwisho wa wiki. Mpiga picha ajue pia kwamba mwanga laini wa kuchomoza na kuzama kwa jua unapita haraka kwetu, maana jua linapanda karibu wima. Awe ameshafika mahali pake kabla.

Kuna kundi dogo la nyongeza: shughuli zenye kelele. Kama umepanga chumba kwenye nyumba yenye familia nne, ngoma na kinanda cha saa nne usiku vitakuletea ugomvi. Ziweke mchana wa Jumamosi, na uwaambie majirani mapema.

Hatua ya 4: Kimoja mbele, kimoja pembeni, vingine vilale

Hapa ndipo watu wanaponibishia, nami sirudi nyuma. Kwa msimu mmoja chagua shughuli moja ya mbele, inayochukua saa ndefu, na moja ya pembeni, inayochukua saa za masikio au saa fupi. Basi. Zilizobaki zinalala, na kulala si kufa. Zitaamshwa kwa zamu.

Msimu uwe wa wiki 8 hadi 12. Chini ya wiki 8 hujavuka ule ugumu wa mwanzo ambao kila shughuli inao. Ukizidisha 12, mtu mwenye kupenda vingi anaanza kuchoka na kuchungulia pengine, na hilo ni tabia yake, halihitaji dawa.

Fuata majira, maana yamekwisha kukugawia mwaka. Ukanda wa pwani masika ni Machi hadi Mei: njia zinajaa maji, nguo hazikauki, safari za nje zinakatika. Ni msimu mzuri wa cherehani, kusoma na kuandika. Juni hadi Agosti ni kipupwe, hewa baridi na kavu, msimu wa kukimbia na wa bustani ya kumwagilia. Mchicha unauvuna wiki tatu au nne tangu kuusia, kwa hiyo msimu mmoja unatosha kupanda na kuvuna zaidi ya mara moja. Vuli inaanza Oktoba. Ukiwa Dodoma au Mbeya, ambako mvua ni za msimu mmoja, tangu karibu na Desemba hadi Aprili, panga kwa mvua za kwenu.

Kwa Waislamu, uwekeni mwezi wa Ramadhani kwenye kalenda kwanza, kabla ya shughuli yoyote. Unasogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo ratiba ya mwaka jana haifai mwaka huu. Mwezi huo msianze msimu mpya wa shughuli nzito. Kuendeleza kitu cha pembeni kunatosha.

Tazama pia likizo yako. Sheria ya Tanzania Bara inampa mwajiriwa siku 28 kwa mwaka, ya Kenya siku 21 za kazi. Siku tatu za likizo zikitumika kuanzisha msimu wa shughuli yenye ugumu mkubwa wa mwanzo, kama kushona au kinanda, zinakupeleka mbali. Nasema siku tatu, si likizo yote. Nyumbani kijijini nako wanakungoja.

Onyo: usichukue mbili za aina moja kwa pamoja. Kiarabu na Kifaransa msimu mmoja vitachanganyikana kichwani, na hutajua umekwama wapi. Lugha na bustani zinaelewana. Lugha na lugha zinagombana.

Hatua ya 5: Weka kitu cha kumaliza

"Kujifunza kushona" hakuna mwisho, kwa hiyo hakukupi furaha ya kufika. Andika kitu kinachoshikika: gauni la mtoto wa miaka mitano lenye zipu. Nyimbo tatu za kwaya kwenye gitaa. Kusoma ukurasa mmoja wa Kiarabu chenye alama za irabu bila kukwama. Matuta mawili ya mchicha na moja la bamia. Kukimbia kilomita tano bila kusimama. Kitu kiwe kidogo kiasi kwamba ukimwambia rafiki yako asishangae.

Hatua ya 6: Iache kazi ikiwa tayari kuendelea

Hatua hii ndiyo inayookoa muda mwingi kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Usisimame pale ulipomaliza sehemu. Simama ukiwa umeanza kidogo sehemu inayofuata. Nitakuonyesha kwa cherehani. Umemaliza kuunga mabega ya gauni, zimebaki dakika kumi. Usifunge. Chukua mkono wa kushoto, uulaze kwenye tundu lake, tia pini nne kuanzia juu ya bega kushuka pande zote mbili. Jaza bobini. Acha uzi umepita kwenye tundu la sindano na kipande cha kitambaa kikiwa chini ya mguu wa cherehani. Kisha andika kwenye karatasi uibandike juu ya mashine: "Anza na mkono wa kushoto, umeshapinwa." Siku nyingine ukikaa, ndani ya dakika moja gurudumu linazunguka. Aliyefunga kila kitu vizuri na kukunja kitambaa atatumia dakika 25 kukumbuka alikuwa wapi, na kama amechoka atasema "nitafanya kesho".

Kila shughuli ina pini zake. Mwandishi aache sentensi nusu na neno moja la kumkumbusha mwisho wake. Mpiga gitaa aliache gitaa ukutani, nje ya mfuko, limeshalinganishwa sauti. Mkimbiaji aweke viatu na soksi mlangoni. Mwenye bustani ajaze ndoo jioni na kuacha kopo juu yake.

Na kila shughuli iwe na kikapu chake. Mkasi wa kitambaa usikae jikoni, maana utaukuta umekata karatasi ya unga na makali yameondoka.

Hatua ya 7: Zungumza na watu wa nyumbani

Hakuna muda wa mtu mmoja kwenye nyumba ya watu wengi. Ukijifungia Jumamosi bila kusema, utaonekana unawakimbia. Sema mapema, taja siku, saa na mwisho, na utoe kitu.

Mke anaweza kusema: "Baba Asha, kuanzia wiki hii hadi mwisho wa mwezi wa nane, Jumamosi saa tatu hadi saa tano nitakuwa kwenye cherehani. Naomba ukae na watoto. Jumapili jioni nitakaa nao mimi, uende zako mazoezini." Ombi lina mwisho, na lina malipo. Anayeishi na wazazi aanze na heshima yake: "Shikamoo mama. Naomba Jumapili baada ya misa nipate saa mbili za kusoma, nikimaliza nitakuja kukusaidia jikoni." Mama akijua saa ya mwisho, mara nyingi ndiye atakayewafukuza wadogo zako mlangoni.

Kuna jambo linaloniumiza, na nitalisema wazi. Kwenye nyumba nyingi muda wa baba unalindwa na muda wa mama unaliwa. Naona darasani: mwanamume anafika saa kumi na moja kamili, mwanamke anafika saa kumi na mbili akihema, amepika kwanza. Kama wewe ni mume unayesoma hapa na unatafuta saa za gitaa, hesabu kwanza mkeo ana saa ngapi zake. Na kama mna dada wa kazi, msiuhamishie mzigo wote kwake mkasema mmepata muda. Naye apewe siku yake ya kupumzika, na kama anapenda kusuka au kusoma, apewe nafasi.

Hatua ya 8: Linda saa hizo

Simu iweke chumba kingine. Kama unaitumia kwa masomo, izime intaneti.

Vikao vya harusi na michango vitagongana na saa yako. Usisubiri siku ifike. Ukiitwa, jibu kwa saa mbadala: "Shangazi, Jumamosi asubuhi nimebanwa, nitafika saa nane na mchango wangu." Husemi hapana, unasogeza. Lakini msiba, mgonjwa na mzazi havisogezwi. Saa hiyo imekwenda, iache iende, na usijaribu kuifidia usiku. Ile nusu uliyoiacha kwenye Hatua ya 2 iliwekwa kwa ajili ya siku kama hizo.

Hatua ya 9: Funga msimu, laza shughuli

Wiki ya mwisho usianze kitu kipya. Maliza, au ukubali kwamba hakitaisha, ukifunge kwa kukiandikia. Ukurasa mmoja kwenye daftari: nimefika wapi, kilichonisumbua, vifaa viko wapi, nikirudi naanza na nini. Ukurasa huo ndio unaokuwezesha kurudi baada ya miezi sita bila kuanza sifuri.

Vifaa navyo vilazwe vizuri. Cherehani ifute vumbi la uzi, itie mafuta matone machache, uifunike. Nyuzi za gitaa zifute, hasa ukiwa pwani, kwa sababu hewa ya chumvi inaziharibu. Mbegu zilizobaki zifunge kwenye chombo kikavu, uandike tarehe.

Kisha pumzika wiki moja kabla ya kuamsha nyingine.

Ukikwama

"Nimeruka wiki mbili." Usianze upya na usiongeze saa. Rudi na dakika 20 tu siku ya kwanza, ufanye sehemu rahisi kabisa: pindo la kanga, wimbo unaoujua, kupalilia tuta moja. Kinachorudishwa kwanza ni mazoea.

"Kila wiki natamani kubadilisha." Kila tamaa mpya ikija, iandike kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari na tarehe. Usiitafutie video, usiulize bei. Mwisho wa msimu fungua ukurasa huo. Nyingi zitakuwa zimekufa zenyewe, na moja au mbili zitakuwa bado zinakuita. Hizo ndizo za msimu ujao.

"Nafanya zamu, usiku wiki hii, mchana wiki ijayo." Wewe usipange kwa siku za wiki. Panga kwa kuhesabu tangu mwisho wa zamu: siku ya kwanza ya mapumziko ni ya kulala, siku ya pili asubuhi ni ya shughuli ya mbele. Manesi na walinzi niliowafundisha wanakwenda vizuri kwa njia hii, mradi darasa liwaruhusu kufidia.

"Nikifika nyumbani sina nguvu hata ya kuongea." Basi jioni si saa yako, usiilazimishe. Jaribu dakika 30 kabla ya kutoka asubuhi, au ile saa ya mapumziko ya chakula kazini kama kuna kona ya kukaa. Ikishindikana, baki na mwisho wa wiki peke yake. Ila kama uchovu huo hauondoki hata baada ya likizo, nenda hospitali upimwe damu kabla ya kujilaumu.

"Umeme unakatika saa yangu ikifika." Cherehani ya kukanyaga kwa miguu haijui mgao, na mtumba mzuri unapatikana. Mwenye ya umeme atumie saa hiyo kukata, kupima na kushona kwa mkono. Anayejifunza kwa video azipakue mapema na simu aichaji asubuhi.

"Watu wameanza kunilipa." Hongera, lakini kuwa makini. Oda ya kwanza ya keki inafurahisha, ya kumi ni kazi ya pili yenye mteja anayepiga simu saa tatu usiku. Ukiamua iwe biashara, ihamishe kutoka kwenye zile saa sita, uipe saa zake na daftari lake la hesabu, kisha utafute shughuli nyingine ya kukaa mahali pake. Kama hutaki, mjibu mteja kwa heshima kwamba unapikia nyumbani tu, na umwelekeze kwa fundi unayemwamini.

"Nina mtoto mchanga." Miezi hiyo ondoa shughuli ya mbele kabisa. Baki na ya masikio, ya kusikiliza ukinyonyesha au ukibembeleza, na hata hiyo iache siku usizolala. Daftari lako litakuwepo, na ukurasa wa nyuma utaendelea kupokea. Mtoto akianza kulala usiku mzima, rudi Hatua ya 2 uhesabu wiki yako upya, maana ile ya zamani haipo tena.